Kimo cha Chumba

Fundi cherehani alikuwa mbishi wa kupindukia. Binti yake alipomwambia macho yamechoka, apumzike, na mnunuzi wa cherehani ameshapatikana, mzee alijibu kwamba kwanza atashona zulia la chumba kipya cha mkewe. Likimshinda, ataiuza cherehani kwa mkono wake mwenyewe.

Chumba chenyewe kilijengwa kufuata uchochoro, kikakaa mshazari. Alipima kuta kwa tepu: mbili za meta nne, mbili za meta mbili na nusu. Akakata zulia la mstatili kwa vipimo hivyo hivyo, akiamini kitambaa kikivutwa pembeni hukubali kulala upande. Shati hukubali. Zulia lile zito liligoma, likajaa matuta.

Mkewe alikanyaga tuta moja, likainuka jingine. Fundi alishaiona cherehani ikitolewa mlangoni.

Binti alikuja na chai, akatazama sakafu, akasema chumba hicho ni msambamba, si mstatili. Eneo lake ni kitako mara kimo, si ubavu mara ubavu.

“Kimo?” fundi aliuliza.

“Ndiyo, Baba. Kutoka ukuta huu mrefu hadi ule wa pili, wima.”

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Miaka yote anawagombeza wateja wanaojiegemeza mlangoni, wasimame wima wapimwe kimo, halafu leo yeye kapima chumba kikiwa kimeegemea! Akapima upya, akapata meta mbili kamili. Kumbe sakafu ilitaka meta za mraba nane, naye alikata kumi. Akaondoa ukanda wa nusu meta, kisha akakata pembetatu upande mmoja, akaiunga upande wa pili. Zulia likatulia. Utepe wa pindo aliokuwa ameukata mwanzoni, meta kumi na tatu, ulizunguka ukatosha barabara, kwa kuwa mzingo ulikuwa ule ule. Eneo ndilo lililokuwa limemchezea shere.

Mkewe alipiga magoti, akapapasa zulia zima akiutafuta mshono, akaukosa. Furaha ilimjaa, wala hakuificha.

“Mwanangu,” alimwambia binti, “huyo mnunuzi wako mwambie asijisumbue. Cherehani ina mwenyewe, na mwenyewe yuko kazini.”