Mkwe wa Mama Sindano

Mtaa mzima haukuwa na mtu aliyeogopwa kama muuguzi wa chanjo wa kliniki ya mama na mtoto, aliyebandikwa jina la Mama Sindano. Akitokeza tu sokoni, watoto waliangua kilio, hata waliokuwa wamesinzia mgongoni. Wazazi nao walimfanya fimbo yao: "Maliza chakula, la sivyo namwita Mama Sindano!"

"Nawakinga na surua, nawakinga na polio, na shukrani yangu ni kufanywa zimwi!" alifoka kila jioni akivua viatu.

Basi siku binti yake alipomleta mchumba nyumbani, mama alijikwatua. Alivaa gauni la maua, akapaka wanja, akajizoeza kutabasamu mbele ya kioo.

Mchumba akaingia, pande la mtu, kifua kama kabati, ndevu tele. Alizaliwa na kukulia mtaa huo huo. Alipomwona mama mkwe, akanywea.

"Shikamoo, mama," akasema kwa kisauti chembamba.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa hapo," akajibu Mama Sindano kwa upole ule ule wa kliniki.

Kijana akakaa. Bila kuambiwa neno, akafungua kifungo, akakunja mkono wa shati hadi begani, akageuzia uso ukutani na kufumba macho.

Mama Sindano akamtazama weee, kisha akamgeukia binti yake.

"Huyu nimempenda," akasema. "Mtaa mzima huu, ndiye wa kwanza kutulia bila kushikwa na watu wawili."