Mwasho wa Chepkorir Haukuwa wa Kuambukiza

Siku yangu ya kwanza kazini kama muuguzi, katika zahanati moja karibu na Boito, msimamizi alinipa somo fupi: "Sister, mtu akijikuna, huo ni upele. Mpe dawa ya kupaka, ita mwingine." Nikamtii kwa miaka. Nikikumbuka nakasirika, na kwanza najikasirikia mwenyewe.

Chepkorir alikuwa na miaka minane. Mama yake, Emily, mchuma chai, alimleta mara nne, viwiko na shingo vimechubuka. Mara nne nikampa dawa ya upele, ambayo kwenye kidonda huchoma kama moto. Upele hutokana na mdudu anayechimba ngozi, na kwa kawaida huenea nyumba nzima. Kwao hakuna mwingine aliyejikuna. Sikuuliza! Mwalimu mkuu akamfukuza asiambukize wenzake.

Mara ya tano nikawafuata nyumbani. Kwa sababu ya baridi, madirisha hayakufunguliwa. Mtoto alilala na nyanya yake kwenye godoro kuukuu lenye unyevu. Nikaeleza kuhusu utitiri wa vumbi, vidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyoishi kwenye godoro na blanketi. Haviumi, uchafu wao ndio huleta mzio, yaani mwili kukataa kitu kisichowasumbua wengine.

Nyanya, ambaye kwa Kikalenjin tulimwita gogo, akasimama. "Umetoka huko kuja kuniambia nyumba yangu ni chafu? Nafagia asubuhi na jioni!"

"Nyumba ni safi, gogo. Lakini ufagio mkavu unarusha vumbi."

"Kwa hivyo nisifagie?"

Nilikaribia kulia. Emily hakungoja tumalize. Alishika godoro akaliburuta nje juani.

Walikopa lingine jipya dukani, wakalivika nailoni. Blanketi zikafuliwa kwa maji moto kila wiki, sakafu ikapanguswa kwa kitambaa chenye maji. Nami nikampa mafuta ya kutuliza ngozi. Mwasho haukuisha kabisa, lakini vidonda vilifunga.

Nikampeleka shuleni mwenyewe. "Huyu haambukizi," nikasema.

Mwalimu mkuu akanitazama. "Sister, si ni wewe uliandika ni upele?"

Nikaomba karatasi, nikaandika upya kuwa ni mzio. Niliporipoti kwa msimamizi, alisema hana watu wa kukagua magodoro.

Sasa nimestaafu. Majuzi nilimkuta Chepkorir mjini Bomet, mama wa watoto wawili, ngozi ya uso na shingo laini. Alinikumbatia kwa furaha. Jua lilikuwa kali, watu wanapepea nyuso zao, naye amevaa mikono mirefu, ameifunga vifungo hadi kwenye vifundo vya mikono, kana kwamba bado anaficha viwiko vile.