Mlima Aliouchagua Baba

Aliyetaka kimya ni mama. Aliyechagua mahali ni baba. Nimekaa na jambo hili miaka mingi, na likinijia nikiwa jikoni mpaka leo, sufuria ndizo zinazopata tabu.

Tulikuwa Maskati, mwaka wa tatu tangu tutoke Unguja. Siku zile mji ulikuwa na malango, na usiku ukishaingia malango yalifungwa. Kwanza zilipigwa ngoma ngomeni, kwa muda mrefu, ili aliye nje afanye haraka. Kisha ukapigwa mzinga. Majirani zetu walikuwa wamezoea, wakiusikia wanapiga miayo na kutandika magodoro. Mama akizisikia ngoma tu, kabla hata ya mzinga, aliacha alichokuwa akikifanya, akakaa chini na mgongo ukutani, viganja masikioni. Kila siku ya Mungu. Kaka yake alitoka nyumbani asubuhi moja ya Januari, Unguja, bunduki zinalia mtaani, na hakurudi. Hata kaburi lake hatulijui. Tangu siku ile mama hakuweza kuvumilia hata mlango ukibamizwa.

Ami yangu, mdogo wake baba, alikuwa karani katika kampuni ya mafuta. Alituletea kalenda ya Ulaya. Mwezi mmoja ulikuwa na picha ya mlima uliofunikwa na theluji, nyumba ya mbao, na familia nzima imejifunga mbao ndefu miguuni, inateleza. Mama aliikata picha ile akaibandika juu ya kitanda chake.

"Tazama," aliniambia, "hapana hata mbwa. Theluji yote hiyo, mtu akipiga kelele si itamezwa tu?"

"Na wewe utateleza na buibui?" nikamtania.

"Mie ntakaa ndani ya hiyo nyumba. Mtateleza nyinyi."

Akacheka. Nakumbuka kwa sababu siku hizo hakuwa mtu wa kucheka.

Basi joto la mwaka ule lilipoanza kuchoma, na watu wa Maskati wakaanza kuhamia mashambani kama ada yao, baba akasema na sisi tutakwenda mlimani kupumzika. Theluji hapana, lakini milima ipo, na huko juu kuna baridi ya kuvuta shuka. Mama akasema lake. Binamu yake alikuwa na bustani kwenye bonde la mlima, nyumba mbili na mfereji wa maji, jirani hakuna.

"Nnataka pale, baba watoto," alisema. "Pana kimya. Mtu hata akilala mchana haamshwi."

Sikupata kumsikia mama akiomba kitu waziwazi namna ile, si kabla wala baada.

Baba na ami wakaingia sebuleni kuchagua. Wachague nini tena, na mwenye haja keshasema? Wakatoka na jibu lao: tunakwenda kijiji cha babu yao, juu kabisa ya mlima. Baba mwenyewe hakuwahi kukiona. Alikijua kwa hadithi za babu, aliyekiacha akiwa kijana akaenda kutafuta maisha Unguja.

"Watoto wawajue watu wao," alisema.

Sababu ya kweli naijua. Sokoni walimwita Mzinjibari, yaani mtu wa kuja kutoka Unguja, si mwenzao. Baba alijua kuhesabu mababu zake mpaka pumzi imwishie, na muuza vitambaa akikicheka Kiarabu chake mbele ya watoto wake. Alitaka afike mahali apokelewe kama mwenyewe. Nalielewa hilo, na sijasema halina uchungu. Lakini kuelewa hakuniondolei hasira.

Tulipanda lori mpaka barabara ilipokwisha, kisha punda. Mama alikuwa mbele yangu, amempakata mdogo wangu wa mwisho. Njiani hapakuwa na sauti ila kwato kwenye mawe, na kadiri tulivyopanda na upepo ulivyopoa, niliona mabega yake yakishuka. Aligeuka akanambia, "Baba yako kachagua vyema." Maneno hayo ndiyo yanayoniuma kuliko yote.

Tulipokata kona ya mwisho, wanaume wa kijiji walikuwa wamepanga safu juu ya ukuta wa shamba. Wakafyatua bunduki zote hewani kwa pamoja. Milima ikazirudisha. Wakafyatua tena.

Mama hakupiga kelele. Aliteremka kwenye punda sijui vipi, akamvuta mdogo wangu, akanivuta mimi, akatubana chini ya ukuta na kutulalia. Nilimsikia akitaja jina la kaka yake. Baba alikuwa mbele, kasimama wima, mkono kifuani, uso umemng'ara, akiitikia salamu. Kumbe ndiyo desturi yao, mgeni wa heshima hupokelewa kwa bunduki. Alipogeuka na kutuona chini, alimjia mama na kumnong'oneza, "Inuka. Wanatutukuza hawa. Inuka, watu wanaona."

Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu. Kwetu alipona baba peke yake.

Kesho yake wakaja wageni kutoka kijiji cha pili kumwona mjukuu aliyerudi. Bunduki. Jioni wakaja wengine. Bunduki. Mama akahamia chumba cha ndani, kilichokuwa na magunia ya tende, akaziba dirisha kwa mto. Asubuhi ya siku ya tatu nikamfuata baba.

"Waambie waache."

"Nikawaambie nini? Kwamba mke wangu anaogopa bunduki? Watasema nimewaletea Waswahili."

"Kwani sisi nani?"

Alinipiga kofi. Alikuwa hajanipiga tangu nivunje ungo.

Sikulia, nilikuwa na hasira mno. Nilikwenda moja kwa moja kwa mama wa mwenyeji wetu, bibi mwenye barakoa aliyekuwa uani akichambua makomamanga, na kwa Kiarabu changu cha kuokoteza nikamweleza. Mama yangu. Kaka yake. Bunduki. Hakufa mtu kwa kuambiwa, wala dunia haikupinduka. Bibi aliweka komamanga chini.

"Na baba yako hana ulimi?" akauliza.

Akamwita mwanawe, akamwambia maneno mawili matatu. Mwanawe akajishika kichwa, akasema aibu ni yao, wamemtisha mgeni ndani ya nyumba yao. Wageni wa mchana ule walikuja na bunduki begani, zikabaki begani. Kuanzia hapo hata watoto wa kijiji walipita mlangoni petu wakinyata, na zabibu za asubuhi tulizikuta kizingitini, bila hodi. Mama alilala mchana. Nilikaa pembeni nikimtazama akilala, na badala ya kufurahi nilizidi kuchemka, kwa sababu sasa nilijua bei ya kimya chake. Ilikuwa sentensi moja. Ami alikuja kunambia baadaye kwamba alimwonya baba kabla ya safari: watapiga bunduki, mwambie shemeji, na utume salamu mapema wasipige. Baba alimjibu, "Inshaallah."

Tuliporudi Maskati baba alifanya baraza. Sebule ilijaa, na mimi na mama tulikuwa nyuma ya pazia na buli la kahawa. Baba alisimulia. Safu ya wanaume, moshi, milima inavyoitikia. "Kama tulikuwa masultani," alisema. Wageni wakasema mashaallah.

"Waambie na siku ya tatu, bwana," mama akasema, nyuma ya pazia, kwa sauti yake ya kawaida. "Waambie nani aliyezinyamazisha."

Baba akasema kahawa imepoa, iletwe nyingine.

Hapo ngoma za ngomeni zikaanza. Mama akatua buli, akakaa chini na mgongo ukutani, akaziba masikio. Nilikaa karibu yake, nikaweka viganja vyangu juu ya vyake. Upande wa pili wa pazia baba alikuwa amerudi kwenye hadithi yake, na alipaza sauti kidogo ili ngoma zisimfunike.