Makufuli Matatu

Makufuli mawili yalikuwa wazi. La tatu lilikuwa limenuna, na Mama Punguza alilitazama kwa jicho la kulivunja.

Jina hilo alilipata sokoni, kwa sababu hakuna muuza vitambaa aliyewahi kumtajia bei ikabaki ilivyo. Alianza kwa kupiga pasi katika kiwanda cha tajiri mmoja, akapanda hadi kwenye cherehani, mpaka siku alipouliza kwa nini mtu akiugua halipwi. Kesho yake alikuta mlango umefungwa. Ndipo akajiunga na ushirika wa mafundi: mashine ni za wote, faida ni ya wote, na maneno, ole wako, ni ya wote pia.

Nyuma ya mlango huu kulikuwa na ovaloki, mashine ya kufunga kingo za nguo zisifumuke. Bila hiyo, mashuka ya hospitali yanayotakiwa jioni yangebaki matambara, na kazi ingerudi kwa yule yule tajiri. Msimamizi wake alikwishafika, amekaa juu ya pikipiki uani, anangoja jibu. Kiwanda kilikuwa kinamtaka Mama Punguza arudi, safari hii kama msimamizi msaidizi. Naye alikuwa amejiambia asubuhi: mashuka yakikwama, naondoka.

"Shangazi yuko wapi?"

"Ana homa, yuko kwake," akajibu fundi mkataji, akichokonoa meno.

"Na ufunguo wake?"

"Anao mwenyewe. Si ndiyo sheria?"

Sheria aliitunga yeye. Mwenyekiti wa kwanza alipouza ovaloki ya kwanza na kutokomea, Mama Punguza ndiye aliyepiga meza: watu watatu, funguo tatu, na ufunguo haukabidhiwi mtu hata awe mama mzazi. Siku ile walimpigia makofi.

Alimkuta Shangazi kitandani, ufunguo shingoni.

"Nipe, Shangazi. Nakuomba."

"Mwanangu, wewe ndiye uliyetuapisha."

"Nilikuwa na hasira."

"Hasira yako ilikuwa na akili. Leo una haraka, na haraka haraka…"

"Usinimalizie methali, Shangazi. Inuka."

Akamtafutia mkokoteni. Mchukuzi alipotaja nauli, mdomo wa Mama Punguza ukaanza kuipunguza wenyewe.

"Hata mimi mgonjwa unanipigania bei?" Shangazi akauliza kutoka ndani ya blanketi.

"Ungekuwa mzima ungetembea bure."

Walipofika, Shangazi akafungua kufuli lake, kisha akaomba kiitwe kikao kidogo cha kumshukuru mchukuzi. Mama Punguza akang'ata ulimi na kuingia ndani.

Msimamizi akamfuata hadi mlangoni. "Unaona tabu hii, mama? Kwetu kufuli ni moja tu, na ufunguo anao mtu mmoja."

"Nalijua hilo kufuli," alisema, akipitisha uzi kwenye sindano. "Nilishalikuta limefungwa, mimi niko nje. Nipishe, unanizibia mwanga."

Mashuka yalitoka jua likielekea kuzama. Hapo hapo Mama Punguza akasimama na kupendekeza sheria ibadilishwe: mgonjwa aruhusiwe kumkabidhi jirani ufunguo. Wakajadiliana mpaka mkataji akasinzia.

Mkono wa kwanza kupinga ulitoka ndani ya blanketi.