Binti Aliyekula Ngome kwa Mikono Miwili

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule moja ya msingi huko Kihagara, Mwalimu Mkuu alinikabidhi chaki, vipindi vya Hisabati na boksi la sataranji lililoachwa na wageni.

"Wewe si wa Hisabati? Basi na haya madude ni yako."

Nikajifunza kwa kijitabu kilichokuwa ndani ya boksi, kisha nikawafundisha watoto.

Nilipohamishiwa Mbinga mjini, Afisa Michezo alinipa timu ya sataranji ya wilaya. Humo nikamkuta Agatha, binti wa wakulima wa kahawa. Akicheza na wenzake alikuwa mkali kama pilipili. Akicheza na mimi, kila alipokula kete yangu aliiondoa kwa mikono miwili, kama mtoto anayepokea kitu kwa mkubwa. Kanuni inataka mkono mmoja. Niliijua, nikanyamaza, maana ile heshima ilinipendeza.

Miaka ikapita. Agatha akaingia timu ya taifa ya wanawake, nami nikateuliwa nahodha, yaani yule asiyecheza bali hupanga nani aketi meza ipi. Katika mashindano ya mataifa, nchi hukutana na nchi kwenye meza nne, pointi zikajumlishwa. Raundi ya tano Agatha alipangiwa mama mwenye mvi. Alipomla farasi, mikono yote miwili ikaenda. Mwamuzi akasimamisha saa, akamwonya, akamwongezea yule mama dakika mbili za kufikiri. Kosa la pili ni kupoteza mchezo.

Nahodha haruhusiwi kumsemesha mchezaji. Baadaye kidogo, akiwa anaelekea kushinda, Agatha akala ngome ya yule mama, tena kwa mikono miwili.

Tulifungwa kwa pointi hiyo moja.

Hotelini Kiongozi wa Msafara alikuwa amefura. "Binti ametuaibisha! Andika ripoti, raundi zilizobaki acheze wa akiba. Na timu ya taifa asahau."

Nje ya mlango nikamkuta Agatha.

"Shikamoo, Mwalimu. Nisamehe. Mikono ilikwenda yenyewe."

Niliona aibu hata kuitikia.

Kwenye ripoti nikaandika kwamba kosa lile nililiona miaka mingi na sikulisahihisha. Kiongozi alisoma mara mbili.

"Ukisaini hii, unahodha umekwisha. Unajua?"

"Najua, Mheshimiwa."

Sasa nimestaafu, napalilia kahawa yangu. Walimu vijana huja kuniuliza namna ya kufundisha sataranji, nami huwaambia wamsahihishe mtoto hata pale kosa lake linapowapendeza. Wanaandika kwenye madaftari. Sijui kama wananielewa.

Ile raundi ya sita, baada ya kusaini, niliitazama nikiwa nyuma ya kamba, pamoja na watazamaji. Agatha alikula kete ya kwanza kwa mkono mmoja, akageuka haraka kutazama kiti cha nahodha. Hapo alikuwa amekaa mtu mwingine. Nilimpungia, hakuniona. Akaurudia ubao wake, akashinda.