Leso na Fimbo ya Ngamia

Mama mkwe wangu amefuga ngamia maisha yake yote. Mimi ni muuguzi niliyetoka ng'ambo ya Mto Tana nikaolewa kwake, upande wa Ijara. Tulizoea kubishana kwa adabu, yeye akijua mifugo, mimi nikijua watu. Siku shemeji yangu alipopigwa risasi, adabu ilituisha.

Shemeji ni polisi wa akiba. Asubuhi hiyo yeye na wenzake walikutana na watu wenye bunduki kisimani, risasi ikampita pajani. Walimleta kwetu kwa kuwa nyumba iko kando ya barabara. Damu ilikuwa ikiruka. Nilikandamiza jeraha kwa mikono miwili, haikukoma. Nikavua leso kiunoni, nikaifunga juu ya jeraha, karibu na kinena, nikapachika fimbo ya ngamia ya mama mkwe kwenye fundo, kisha nikaizungusha mpaka damu ikakatika. Shemeji alinitukana matusi ya Kisomali ambayo mume wangu hajawahi kunifundisha. Nilifurahi. Mwenye nguvu za kutukana bado yupo.

Tukampakia nyuma ya pikapu, fimbo nikiwa nimeifunga kwa kitambaa isirudi. Njiani mama mkwe akashika unyayo wa mwanawe, akakuta umepoa. Akanionya kwamba ngamia akifungwa kamba ikambana, mfugaji huilegeza upesi, la sivyo mguu unakufa. Alisema kweli tupu, kuhusu ngamia. Nilimsihi asiguse, nikageuka kupiga simu hospitali kuuliza kama daktari wa upasuaji yupo.

Niliporudisha macho, fimbo ilikuwa imelegezwa na damu imetapakaa hadi kwenye viatu vyangu. Shemeji hakutukana tena.

Mama mkwe alikuwa bado ameshika fundo. Nikampiga mkono. Mkono wa mama mkwe, mbele ya wanaume wa ukoo wake waliopanda nasi! Nikaizungusha fimbo upya na kuishikilia mwenyewe.

"Mama," nikamwambia, "mguu tutauuliza baadaye. Sasa namtaka yeye."

Alisoma dua njia nzima, macho kayaelekeza pembeni.

Tulikaa sana nje ya chumba cha upasuaji. Daktari alipotoka akasema yu hai, na mguu pia utapona. Niliketi sakafuni nikacheka na kulia pamoja, sikujali nani ananitazama. Mama mkwe alisema alhamdulillahi, basi. Nikajiandaa kuitwa mbele ya wazee wa ukoo kwa kumpiga mkono.

Shemeji alipoletwa nyumbani, wanawake walikuja kumjulia hali na vibuyu vya maziwa. Mama mkwe akaniita nikae karibu naye mkekani.

"Hii bibi ya kijana yangu nabiga mimi mkono," akawaambia kwa Kiswahili chake kisichojua p, ili nami nielewe. "Kama habana biga, mimi nazika mtoto."

Kisha akanyoosha mguu wake mbele ya wote, akanipa fimbo yake na kuniamuru nifunge, waone. Nikafunga kwa leso, nikazungusha kidogo tu. Akakunja uso kwa maumivu. Jirani mmoja akaingiwa na huruma, akanyoosha mkono alegeze.

Mama mkwe akampiga mkono.