Kiatu Alichojipima Mwenyewe

Mjomba wangu alikuwa fundi viatu. Mtaa mzima ulimwita Mzee Soli, na kichwa chake kilikuwa kigumu kuliko soli zote alizowahi kushona. Kiatu cha mteja kilichomwenea alikivaa kwanza yeye, akakanyaga kwa nguvu. "Mguu wangu ndio kipimo," alisema, misumari midomoni.

Kisukari kilipompata, muuguzi alimwambia aachane na vitu vitamu. Akaacha sukari ya chai, basi, akatembea kifua mbele. Na soda je? "Hiyo ya kukata kiu tu." Biskuti? "Za kuzugia njaa." Kiu ikimkaba anakunywa soda, soda inamzidishia kiu, anafungua nyingine. Siku aliyojaribu kuziacha alikuwa mbogo, akanifokea hata mimi niliyemletea maji. Iliniuma sana. Jioni chupa zilikuwa zimerudi chini ya benchi.

"Miguu inakufa ganzi kidogo," alimwambia binti yake. "Uzee huo."

"Baba, nenda hospitali. Utaupoteza huo mguu."

"Uende wapi na mimi nipo?"

Tukacheka, wajinga sisi.

Binti huyo alipoolewa, mjomba alijishonea viatu vyeusi vya ngozi, vya kwanza kujitengenezea maishani. Akavivaa, akakanyaga, akatabasamu: "Godoro!" Akacheza navyo harusini kutwa nzima, akinywa kila soda aliyopewa. Jioni binti aliona alama za damu sakafuni, akakagua miguu ya wageni wote kabla ya kuifikia ya baba yake. Mjomba akafunga kitambaa, akasema ni lengelenge, viatu vipya ndivyo vilivyo. Akakataa kwenda hospitali mpaka harufu ilipotufukuza chumbani mwake.

Madaktari wakaukata mguu wa kulia chini ya goti.

Nilikuwepo wodini binti alipomletea mfuko wa vitu vyake. Wageni walikuwa wamempangia soda mezani, za kumpa pole. Binti akatoa kile kiatu cha kulia, akaingiza mkono ndani kukifuta.

"Uwii!"

Kidole kilitoka kinavuja damu. Msumari ulikuwa umesimama wima kisiginoni, ambao mtu yeyote angeuhisi kwa hatua ya kwanza.

"Nini tena?" mjomba akauliza kutoka kitandani.

"Hakuna kitu, baba."

"Basi nifungulie soda. Kiu itaniua."

Binti alinitazama, nami nikatazama dirishani. Akaifungua, akamshikia chupa mpaka akaimaliza.